Uzi wa wenye bunduki ya Ruger Mini-14 Ranch: kuimiliki, kuitunza na kuirekebisha kwa kazi ya mifugo

Mfugaji_Kongwa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila wikiendi napata meseji za ndugu walioko Texas, Oklahoma na Missouri wanaoniuliza kuhusu bunduki ya ranchi. Wengine wamepata kazi kwenye mifugo, wengine wamenunua ekari zao chache, na koyoti, wale wanyama wa jamii ya mbwa, wameshaanza kuwapunguzia mbuzi. Nimeona niyaweke yote hapa, atakayekuja baadaye ayakute.

Mimi ni mtu wa Kongwa, Dodoma. Mzee wangu alichunga ng'ombe wa ranchi pale kwa fimbo na mbwa wawili. Leo nasimamia mbuzi zaidi ya 400 na ng'ombe wachache Edwards County, Texas, nchi ya mawe na vichaka. Majirani zetu ni koyoti, nguruwe pori na wale nyoka wenye njuga mkiani. Kwenye gari langu kuna waya wa uzio, koleo, dawa ya minyoo, maji na bunduki. Vyote ni vifaa vya kazi, na mimi naitazama bunduki kama ninavyolitazama lile koleo.

Ninayoitumia ni Ruger Mini-14. Ilitoka kwa mara ya kwanza miaka ya 1970, ikabuniwa na Bill Ruger mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Ruger, pamoja na L. James Sullivan, fundi aliyeshiriki pia kuichora AR-15, ile bunduki nyingine maarufu ya Marekani. Jina linatokana na M14 ya jeshi la Marekani, maana mfumo wake wa bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, ni wa ukoo ule ule, ila imepunguzwa ili ipige risasi ndogo ya .223. Mwaka 1982 wakatoa toleo lililoitwa Ranch Rifle. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba chuma cha juu kilichongwa tayari kwa kukalia pete za darubini, na namna ya kutupa maganda ikabadilishwa ili yasigonge darubini. Mwaka 1987 ikaja dada yake, Mini Thirty, inayokula risasi ya 7.62x39, ile ile ya AK.

Ni nusu otomatiki: kifyatuo kimoja, risasi moja, kisha gesi ya baruti inarudisha bolti na kupandisha risasi nyingine. Mtutu wa kawaida una inchi 18.5, uzito kama kilo 3 na kidogo. Inaingia nyuma ya kiti cha gari bila shida, haina kona za kunasa nguo, na kitako chake cha mbao hakimtishi jirani anayekuja kukusaidia kutafuta ndama. Kwa mtu anayeishi kijijini kwa wageni, hilo la mwisho si jambo dogo.

Msimamo wangu nautoa mapema: kila marekebisho uyapime kwa kazi unayoifanya. Kama halikusaidii kumpiga koyoti mmoja kwa usahihi ukiwa umechoka saa kumi na moja alfajiri, usilinunue. Nimetumia miaka kadhaa na dola nyingi kulijua hilo. Karibuni kwa maswali.

---

Kijana_wa_Kolwezi

Mkubwa, jambo. Mimi niko Abilene hapa Texas, kazi ni ya ng'ombe. Patron ananiambia ninunue bunduki yangu. Nina green card tangu mwaka jana. Naogopa nisije nikaharibu makaratasi yangu. Inaruhusiwa kweli?

---

Mfugaji_Kongwa

Kaka, umeuliza swali la kwanza linalopaswa kuulizwa.

Mwenye green card anaruhusiwa na sheria ya shirikisho. Unaingia duka lenye leseni, unajaza fomu namba 4473, wanaangalia kitambulisho chako na uthibitisho wa makazi, kisha wanapitisha jina lako kwenye mfumo wa ukaguzi unaoitwa NICS. Kwa bunduki ndefu umri ni kuanzia miaka 18. Jaza kila kisanduku kwa ukweli. Kudanganya kwenye fomu ile ni kosa la jinai, na kwa mtu asiye raia, kosa la jinai linafuatwa na kesi ya uhamiaji.

Sasa wasikilize hapa wanafunzi na wote wenye viza za muda: ninyi mmekatazwa, isipokuwa kwa mianya michache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Usimsikilize rafiki anayesema "wewe shika tu, hakuna anayeangalia." Na asiye na makaratasi asiiguse kabisa, hata ya kuazimwa kwenda kulenga makopo. Kuna pia aliyewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mwenza wake, hata kama mahakama ililiita kosa dogo. Huyo naye amefungwa mlango.

Jambo jingine: usimnunulie mtu mwingine bunduki kwa jina lako kwa sababu yeye hawezi kupita ukaguzi. Ndugu zetu wanaingia kwenye mtego huo kwa huruma. Mwambie hapana, hata akinuna.

Majimbo nayo yana ya kwao. Ninayoyasema ni ya Texas. Ukiwa California, Mini-14 yenye kitako cha kawaida unaweza kuwa nayo ikiwa na magazini (kile kikasha cha risasi) ya risasi 10, lakini ukiibadilisha kitako ukaweka chenye mshikio wa bastola, bunduki ile ile inahamia kwenye kundi lililopigwa marufuku. Chuma hakijabadilika, umebadilisha plastiki tu, na umekuwa mhalifu. Soma sheria ya jimbo lako kabla ya kuagiza kitu mtandaoni.

---

Mama_Neema_Iowa

Shikamoo kaka Mfugaji. Mume wangu anataka hii bunduki kwa ajili ya koyoti wanaokuja kwenye mabanda ya kuku. Sina ugomvi na koyoti kufa. Nina mtoto wa miaka 6 na wa miaka 9. Huyo wa miaka 9 anafungua kila kitu ndani ya nyumba, hata simu yangu yenye alama ya kidole. Niambie kwa ukweli, wewe unaiweka wapi?

---

Mfugaji_Kongwa

Marahaba dada. Ninao wawili pia.

Kwanza likae sefu la chuma, lipigwe bolti ukutani, ndipo bunduki iingie nyumbani. Si bunduki leo na sefu mwezi ujao tukipata hela. Pili, risasi zinakaa kwenye kisanduku kingine chenye ufunguo wake, chumba kingine. Tatu, namba za sefu zisiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtu yeyote wa nyumba ile, maana huyo wako wa miaka 9 atazijaribu zote.

Nikiwa kazini inakaa garini ikiwa na magazini, lakini chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, ni tupu. Nikirudi jioni, kabla sijavua buti, natoa magazini, navuta bolti nyuma, naingiza kidole kidogo kwenye chemba kuhakikisha. Macho yanadanganya gizani, kidole hakidanganyi. Hapa Texas ni kosa kumwachia mtoto aliye chini ya miaka 17 nafasi ya kuifikia bunduki iliyojazwa. Lakini hata sheria isingekuwepo, watoto ni wetu.

Na wewe dada ujifunze kuitoa risasi, hata kama hutaki kuipiga. Sefti ya Mini-14 iko mbele ya kifyatuo, ndani ya ule mduara unaolinda kifyatuo. Ikisukumwa nyuma imefungwa, ikisukumwa mbele iko tayari kufyatua. Maana yake kidole kinachoifungua kinapita karibu sana na kifyatuo. Mzoee mahali pake ikiwa tupu, mara mia moja, kabla ya risasi ya kwanza.

---

Fundi_Spana

Mkuu nimefuatilia. Mimi nimenunua ya mkononi, ya mwaka 2001. Risasi ya kwanza na ya pili zinakaa vizuri, ya tatu mpaka ya tano zinapanda juu kulia. Maganda nayo yanaruka mpaka nayatafuta kwa tochi. Wauzaji wa vifaa wananitajia vitu vya dola 600. Nianzie wapi?

---

Mfugaji_Kongwa

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo niruhusu nirefushe.

Bunduki za kabla ya 2005 zina mtutu mwembamba. Ukipiga mfululizo unapata joto, na ukipata joto unahama kidogo. Mwaka 2005 Ruger walibadilisha mitambo ya kutengenezea, zikatoka zile ambazo namba zake za usajili zinaanza na 580, na baadaye wakanenepesha mtutu. Ndiyo maana mtu anayenunua mpya leo hasikii sana malalamiko haya. Lakini mpya imevuka dola 1,000, na ya kwako inaweza kusaidiwa kwa pesa kidogo.

Anza na kile chuma cha gesi kilicho chini ya mtutu. Ni vipande viwili vinavyoukumbatia mtutu kwa skrubu nne. Vikikazwa bila uwiano, upande mmoja ukibana kuliko mwingine, mtutu unavutwa, na ukipata joto unavutika zaidi. Toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, weka sefti, kisha fungua ule mduara wa kifyatuo kwa nyuma ukitumia msumari butu. Kundi zima la kifyatuo linatoka, kitako kinaachana na chuma. Hakuna hata skrubu moja ya kufungua mpaka hapo, na hilo ni jambo ninaloipendea sana bunduki hii.

Sasa chukua fila geji, ile ya kupimia uwazi wa vali za pikipiki. Pima uwazi kati ya vile vipande viwili, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Yangu kulia karatasi nene ilipita, kushoto haikupita hata ukucha. Skrubu zile zimegongwa kingo kiwandani zisilegee, kwa hiyo zinafunguka kwa shida. Mimi niliharakisha, nikatumia spana ya L iliyolika, nikaharibu kichwa cha skrubu moja na kukaa wiki mbili nikisubiri nyingine huku koyoti wakila. Tumia spana mpya, ipashe skrubu moto kidogo, na usukume kwa mkono uliotulia. Ukirudishia, kaza kwa msalaba kama unavyokaza nati za tairi: hii kidogo, ya mkabala kidogo, mpaka uwazi ulingane pande zote.

Ukiwa umefungua hapo, utaona kibushi kidogo kinachopitisha gesi kutoka mtutuni. Hicho ndicho kinachorusha maganda yako. Kiwandani wanaacha tundu kubwa ili bunduki ifanye kazi hata ikiwa chafu na risasi ikiwa dhaifu. Kuna bushi za kubadilishia zenye tundu la inchi 0.045 au 0.050. Nimeweka ya 0.050. Maganda sasa yanaanguka hatua nne tano kutoka niliposimama, bolti hairudi kwa kishindo kile, na darubini haitikisiki. Usiende ndogo kuliko unavyohitaji, maana asubuhi ya barafu bunduki itashindwa kumaliza mzunguko na risasi itanasa njiani.

Kama bado mtutu unahama, kuna ufito wa chuma unaofungwa sambamba na mtutu ili uukazie na kuupunguzia joto. Mimi sikuuhitaji. Baada ya kusawazisha skrubu, risasi zangu tano zilitoka kwenye duara la inchi 4 hadi kama 2 na nusu kwa yadi 100. Koyoti hasubiri risasi ya tano. Nikikosa ya kwanza na ya pili, ameshavuka kilima.

Grisi: kidogo sana kwenye reli za slaidi, kile chuma kinachoteleza na kuvuta bolti, na pale kichwa cha bolti kinapozunguka kwenye slaidi. Pistoni ya gesi iache kavu. Mafuta pale yanaungua yakawa masizi magumu.

---

Fundi_Spana

Daah, fila geji ninayo kwenye boksi la pikipiki. Na kifyatuo je? Ni kizito. Nimeona video jamaa anakipiga msasa jikoni.

---

Mfugaji_Kongwa

Hapo nakukataza kabisa mkuu. Yale meno yanayoshika nyundo yana pembe zake na ugumu wa juu wa chuma ni mwembamba. Ukiusugua ukaisha, siku moja sefti iko imefungwa na nyundo inashuka yenyewe, au unafyatua mara moja zinatoka mbili. Ya kwanza inaua mtu. Ya pili inaua mtu na pia inakupeleka mahakama ya shirikisho, kwa sababu bunduki inayotoa zaidi ya risasi moja kwa kifyatuo kimoja wanaihesabu kuwa otomatiki. Mpelekee fundi bunduki mwenye leseni. Yangu ilirudi na kifyatuo chepesi na safi, na nikalala.

Hivyo hivyo kwa urefu wa mtutu. Kwa bunduki ya namna hii, chini ya inchi 16 unaingia kwenye usajili wa sheria ya shirikisho ya 1934 ya silaha maalumu. Usikate kitu.

---

Mswahili_Houston

Salaam wakuu. Mimi nina Mini-14 yenye kitako cha kukunja, tochi, mshikio wa mbele na magazini tatu za risasi 30. Inapendeza sana. Tatizo, magazini mbili kati ya hizo zinanasa.

---

Mfugaji_Kongwa

Magazini hizo si za Ruger, sivyo? Kuna kampuni iliniuzia mbili za bei ya kutupa. Midomo ya bati inapanuka baada ya kujazwa mara chache, risasi inapanda ikiwa imeinua pua na kugonga juu ya chemba. Niliona hivyo nguruwe dume akiwa hatua thelathini, amegeuka kunitazama. Nikarudi garini kinyumenyume. Tangu siku ile nanunua za kiwandani tu, na naweka alama ya rangi chini ya kila moja ili ikileta shida niijue. Ya risasi 5 ndiyo naipenda zaidi, haichomozi chini na haikwami kwenye mkanda wa kiti.

Hivyo vingine kaka, nitakwambia kwa mapenzi: panda nayo kilima mchana wa Julai kisha uniambie. Uzuri wa Mini ni wepesi wake. Ukiipachika kilo moja na nusu ya vitu umepoteza kilichokufanya uinunue. Kilichonisaidia mimi ni vitatu. Darubini ndogo ya kukuza mara 2 hadi 7, iliyokaa kwenye pete zilizokuja na bunduki. Mkanda wa ngozi wa begani. Na mto wa shavu, kwa sababu kitako kimechongwa kwa ajili ya shabaha ya chuma, ile ya kulengea bila darubini; ukiweka darubini shavu linaning'inia hewani na kila mara unaangalia kwa pembe tofauti.

---

Nyanda_za_Alberta

Naomba niongee kutoka Canada. Nilikuwa na Mini-14 kwa ajili ya mbwa mwitu na koyoti, nikaipenda kama unavyoipenda yako. Tarehe 1 Mei 2020 serikali ilipiga marufuku aina zipatazo 1,500 za bunduki, na Mini-14 ikiwemo. Kuitumia ni marufuku, kuiuza ni marufuku. Ipo sefuni chini ya msamaha ambao wameuongeza zaidi ya mara moja.

Wengi humu hawajui kwa nini jina hili ni zito kwetu. Tarehe 6 Desemba 1989 mtu mmoja aliingia chuo cha uhandisi, École Polytechnique, Montréal, akiwa na Mini-14. Aliwatenga wanawake na kuwaua 14. Kila mwaka tarehe hiyo nchi nzima inawakumbuka. Binti yangu anasoma uhandisi. Nimekaa na hasira ya kunyang'anywa kifaa changu na huzuni ya wale mabinti kifuani mwangu kwa wakati mmoja, na vyote viwili ni vya kweli.

---

Mfugaji_Kongwa

Mzee wangu, asante kwa kuliandika. Mwaka 2011 Norway, kisiwani Utøya, nako ilitumika hii hii. Siwezi kuanzisha uzi wa kuisifia nikalificha hilo.

Mbao za kitako zinaifanya ionekane mpole. Ndani ni mashine ile ile inayopiga haraka kama ambavyo kidole kinaweza. Mwaka 1994 sheria ya shirikisho hapa ilipopiga marufuku bunduki za kivita kwa miaka kumi, Mini-14 isiyo na kitako cha kukunja iliwekwa kwenye orodha ya zilizosamehewa kwa jina kabisa. Sura iliiokoa. Kwa hiyo ninapomwambia mtu anunue sefu kwanza, au asimnunulie rafiki kwa jina lake, nina hao mabinti akilini.

---

Jirani_Nanyuki

Bwana Mfugaji, huku Laikipia fisi na chui wanatusumbua. Nina shemeji Dallas. Anaweza kunitumia moja, ama hata hizo bushi na darubini kwa sanduku?

---

Mfugaji_Kongwa

Hapana ndugu yangu, tafadhali mwambie asijaribu. Kutoa bunduki au vipuri vyake Marekani bila kibali ni kosa huku, na kuingiza bila kibali ni kosa huko. Hata darubini za bunduki zina masharti. Watu wamekamatwa viwanja vya ndege kwa risasi moja iliyosahaulika mfukoni mwa koti la kuwindia. Kwenu milango yote inapitia Bodi ya Leseni za Silaha, na kwetu Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Na chui usimpige, waite wa wanyamapori. Kwa fisi, boma la waya mgumu lililofunikwa vizuri na taa usiku litakuokolea mbuzi wengi kuliko bunduki yangu ilivyoniokolea.

Nasema hivyo kwa sababu hata hapa walinzi wangu wa kwanza ni mbwa. Nina wanne, wale wakubwa weupe wa Great Pyrenees, wanalala na mbuzi. Mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, giza linaingia, nilisikia mbuzi wakilia bondeni. Nikaona kivuli kinakimbia kando ya kundi, kinainama, kinarudi. Nikaegemeza bunduki kwenye mlango wa gari, nikasukuma sefti mbele. Kitu kikanizuia, nikasubiri kigeuke. Kilipogeuka, darubini ikanionyesha kola ya chungwa. Alikuwa Simba, mbwa wangu, ametapakaa tope jekundu mpaka masikioni, anamfukuza koyoti aliyeshaondoka. Mikono ilinitetemeka hadi nikashindwa kurudisha sefti, nikatoa magazini kwanza. Usiku ule nilikaa naye zizini, nimeshika shingo yake.

Siku hizi kila mbwa ana kola mbili zinazong'aa, na siwezi kufyatua kabla sijaona kichwa, mkia, na kilichopo nyuma ya mnyama. Hilo halihitaji kifaa chochote cha kununua.

---

Kijana_wa_Kolwezi

Mkubwa nimeelewa, nitaenda na patron dukani Jumamosi. Huo mto wa shavu unaupata wapi?

---

Mfugaji_Kongwa

Nilishona mwenyewe. Ngozi ya mbuzi iliyolainishwa, inchi 7 kwa 9. Toboa matundu sita kila upande kwa shazia, pitisha kamba ya ngozi chini ya kitako kama unavyofunga viatu. Ndani weka kipande cha ndala kilichokatwa, unene kama robo tatu ya inchi, kisha jaribu: fumba macho, weka shavu, fumbua. Kama unaona duara zima la darubini bila kuinua kichwa, umepata. Kama linaonekana jeusi chini au juu, punguza au ongeza ndala. Fanya hivyo ukiwa umevaa koti lako la baridi, kwa sababu koti linasogeza bega na vipimo vya kiangazi vitakukataa Januari. Ukikwama niandikie, nina ngozi mbili zaidi zimekauka hapa.